Jicho la taa, jicho la bahari

Baba yangu alikuwa na desturi ya kufumba jicho moja kila alipopiga pampu ya karabai. La kulia, siku zote. Alilibana kabla hajawasha, akalibana kwelikweli mpaka shavu likapanda, na hakulifumbua hadi taa imekolea, ameitundika, naye ameipa kisogo. Mimi nilidhani moshi wa mafuta ya taa unamwasha. Nilikuwa na miaka 13, ndiyo kwanza naruhusiwa kuingia naye baharini wakati wa likizo, na sikuuliza.

Tulikuwa tukivua dagaa nje ya mlango wa mto Pangani. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba dagaa ni samaki wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hubaki pwani wakashona nyavu na kutia vyombo kalafati, kwa sababu bahari nzima inakuwa imewaka na taa yako haina tena nguvu ya kumwita samaki. Kazi ni zile siku ambazo mwezi haupo, au unachelewa kutoka. Karabai inawekwa ubavuni mwa mashua, dagaa wanakuja wanazunguka chini yake kama vumbi kwenye mwale wa jua, kisha wavu unazungushwa. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa anafanya kazi katikati ya vitu viwili visivyopatana: taa kali kuliko zote alizonazo, na giza nene la bahari pande zote. Taa ni ya samaki. Yeye mwenyewe anahitaji kuiona kamba iliyo miguuni pake, maji yanavyobadilika karibu na mwamba, na ngalawa ya mtu mwingine inayokuja bila taa.

Usiku mmoja nilikuwa nimechuchumaa mbele ya baba nikimtazama anavyopiga pampu. Kile kitambaa cha ndani kilianza na wekundu, kikawa manjano, kisha kikakolea weupe huku taa ikivuma. Sikuweza kuondoa macho. Mara nahodha akaita, "Kijana, shika amari!" yaani kamba ya nanga. Nikainuka, nikageuka, na dunia haikuwepo. Mbele yangu kulikuwa na doa moja kubwa la kijani lililokwenda kila nilikogeuza macho, na nyuma yake weusi mtupu. Nikapiga hatua mbili kwa kukisia. Ya pili ikakutana na ncha ya nanga. Kovu lake lipo mpaka leo kwenye muundi wa mguu wa kushoto, refu kama kidole gumba.

Baba alinifunga kwa kitambaa cha shuka, wala hakunigombeza. Akasema, "Mwanangu, umeitazama taa kwa macho yote mawili. Moja la taa, moja la bahari. Ukiyapa taa yote, bahari utaiangalia kwa lipi?"

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya jicho naona tunavyoipita mbio. Mwanafunzi anajifunza kwamba retina, lile tabaka la nyuma ya jicho, ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga: seli fimbo za mwanga hafifu, na seli koni za mwanga mwingi na rangi. Anachora mchoro, anaweka majina, anapata alama zake. Kitu ambacho kingemfaa maisha yake yote hakimo kwenye mchoro, nacho ni muda. Jicho lililotoka kwenye mwanga mkali linahitaji nusu saa na zaidi kufikia ukali wake wote gizani. Na watu wengi ninaowafahamu hawajawahi kulipa macho yao hata dakika 10 za giza tangu waliponunua simu yenye tochi. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nimekaa kuliandika.

Januari nilikwenda Pangani kumsalimia mama. Baba alishatangulia mbele ya haki. Usiku wa pili umeme ukakatika, saa mbili na robo, nikiwa barazani nasoma ujumbe kwenye simu. Hapakuwa na mwezi. Mama akatoka na mkeka, akataka kuwasha taa ya chaji.

"Mama, naomba tukae hivihivi kidogo. Nataka tujue tutaona nini, na baada ya muda gani."

"Haya," akasema akikaa. "Baba yako mtupu."

Mkononi nilikuwa na saa ya baba, ile ambayo mishale yake imepakwa rangi inayong'aa kijani gizani, kwa hiyo niliweza kuhesabu dakika bila kuwasha chochote.

Dakika ya kwanza sikuuona hata mkono wangu. Sekunde za mwanzo ni za mboni: inatanuka haraka, na kwa kijana inaweza kutoka milimita 2 kwenye jua kali hadi karibu milimita 8 gizani. Watu wengi wanadhani kazi imekwisha hapo. Ukipiga hesabu ya eneo, huko kutanuka kote kunaongeza mwanga mara 16 tu, ilhali jicho lililokamilika gizani linahisi mwanga ulio hafifu mara 100,000 na zaidi kuliko lilivyoweza lilipotoka kwenye mwangaza mkali. Kazi yote iliyobaki inafanywa na zile seli zenyewe, huko nyuma ya jicho, bila wewe kuhisi lolote.

Dakika ya 3 nikaanza kuutenga mlango na ukuta. Dakika ya 5 nguzo ya baraza ilikuwepo, na weupe wa kanga aliyojitanda mama. Halafu mambo yakasimama. Dakika ya 6, ya 7, ya 8, yaleyale. Mama akasema, "Basi ndiyo hivyo, giza ni giza."

Nilifurahi kumsikia, maana ndicho kituo nilichokuwa nakisubiri. Seli koni hujirekebisha upesi. Ndani ya dakika 5 hadi 10 zinakuwa zimefika mwisho wa uwezo wao, na mwisho huo si mbali. Seli fimbo wakati huohuo zinajikongoja nyuma, bado hazijazifikia. Kwa hiyo kuna dakika kadhaa ambapo jicho linaonekana limegota. Wapimaji wa macho wakichora jambo hili, mstari wao wa mwanga mdogo kabisa unaoonekana unateremka, unalala, kisha unavunjika na kuteremka upya, safari hii kwa kina kirefu zaidi. Hapo kwenye mlalo ndipo binadamu anapokata tamaa na kupapasa tochi. Na akimulika, amerudi mwanzo.

Dakika ya 11 ukatokea mnazi. Nilikuwa nimeukabili tangu mwanzo bila kuuona, na sasa ulikuwa unajitenga na anga, kuti baada ya kuti, mpaka nikaona na dafu. Nikageukia kamba ya nguo. Mchana niliona kanga mbili pale, nyekundu na ya buluu, na hakuna aliyezianua. Ya buluu niliiona vizuri, imekuwa rangi ya jivu, tena kama inang'aa. Mahali pa nyekundu palikuwa na tundu jeusi.

"Ile nyekundu imeanguka," mama akasema.

Nikaenda kuishika. Ilikuwepo, imetulia kwenye kamba.

Jambo hili liliandikwa mwaka 1825 na Mcheki mmoja, Jan Purkyně, aliyeona kwamba alfajiri, kabla jua halijatoka, maua mekundu yanayoshinda mengine mchana ndiyo meusi kuliko yote. Seli koni kwa ujumla wake huhisi zaidi mwanga wa manjano-kijani, wenye mawimbi ya urefu wa karibu nanomita 555. Seli fimbo huhisi zaidi buluu-kijani, karibu nanomita 500, na mwanga mwekundu karibu hauzigusi kabisa. Tena fimbo ni za namna moja tu, hazina cha kulinganisha, ndiyo maana usiku rangi zinakufa na kubaki vivuli. Kutokana na hayo, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa usiku walivaa miwani nyekundu kabla ya kuruka: koni zao zilisoma ramani, huku fimbo zikiendelea kuzoea giza kana kwamba tayari wako nje. Wanaotazama nyota hutumia tochi nyekundu kwa sababu hiyohiyo.

Dakika ya 20 nikamwonyesha mama Kilimia, lile kundi la nyota, kimepanda upande wa kaskazini. Yeye ndiye aliyenifundisha jina hilo nilipokuwa mdogo, pamoja na ile methali kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa hakukiona.

"Kinakuja kinapotea," akasema. "Nikikikazia macho kinapotea."

Na hivyo ndivyo kilivyo. Katikati ya retina kuna kishimo kidogo, ndicho tunachokitumia kusomea, kutungia uzi kwenye sindano, kutambua sura. Kimejaa seli koni zilizobanana, na katikati yake hakuna seli fimbo hata moja. Jicho zima lina fimbo kama milioni 120 kwa koni kama milioni 6, lakini zile fimbo zimesongamana zaidi pembeni, kama nyuzi 15 hadi 20 kutoka pale tunapoelekeza macho. Kwa hiyo gizani kila mtu ana kidoa cha upofu katikati kabisa ya anachokitafuta. Ukikodoa, nyota inazimika. Nikamwambia mama atazame kando kidogo, kama anavyomwangalia mtu asiyetaka ajue kwamba anaangaliwa. Akakaa kimya, kichwa kimeinama upande. Bado hakukiona, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1876 Mjerumani kijana, Franz Boll, aliyekuwa akifanya kazi Roma, alitoa retina ya chura aliyekuwa gizani na akakuta ina rangi nyekundu iliyoiva. Ikiwa mikononi mwake, kwenye mwanga, rangi ile ikapauka mbele ya macho yake. Akaona pia kwamba chura aliye hai, akirudishwa gizani, rangi inarudi. Boll alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 30 tu. Kazi ikaendelezwa na Wilhelm Kühne kule Heidelberg, ambaye alifanya jambo ambalo wanafunzi wangu hawalisahau hata wakisahau mengine yote. Alimwelekeza sungura kwenye dirisha lenye vyuma, akamfunika macho kwa dakika kadhaa, akamfunua kwa dakika 3, kisha akamuua na kuitia retina yake kwenye maji ya shabu. Picha ya dirisha ilikuwepo, na vyuma vyake vikihesabika. Namhurumia yule sungura. Lakini ndivyo ilivyojulikana kwamba ndani ya jicho kuna kitu kinachopaushwa na mwanga, kama kitambaa kinavyopaushwa na jua, ila hiki huweza kurudi rangi yake.

Kitu hicho ni rodopsini, na kimejaa kwenye kila seli fimbo. Ni protini iitwayo opsini iliyokumbatia kipande kidogo kilichotokana na vitamini A, retinali. Gizani retinali imepinda kama kiwiko. Chembe moja ya mwanga, fotoni moja, ikiigonga, kiwiko kinanyooka. Mwanga umemaliza kazi yake hapo. Kunyooka huko kunaisukuma opsini, opsini inaziamsha protini nyingine, nazo zinaamsha nyingine, hadi vijilango vya chumvi kwenye ukuta wa seli vinafungwa, na seli inanyamaza.

Hapo darasani huwa nasimama na kurudia: inanyamaza. Tunadhani jicho gizani limelala na mwanga ndio unaoliamsha. Kumbe seli fimbo gizani ndipo zinapopiga kelele, zinamwaga kemikali zake za ujumbe bila kukoma, na retina inakula oksijeni nyingi gizani kuliko mwangani. Mwanga ukifika, kelele inapungua, na ubongo unasoma ule upungufu. Nyota unayoiona usiku ni ukimya mdogo uliotokea kwenye seli chache.

Sasa kuhusu ile nusu saa. Retinali ikishanyooka haiwezi kujikunja tena palepale. Lazima ing'oke kutoka kwenye opsini, igeuzwe kuwa vitamini A, ivushwe hadi kwenye tabaka jeusi la seli lililo nyuma ya retina, ikunjwe huko, kisha irudishwe na kuingizwa tena kwenye opsini. Molekuli moja moja, kwa mamilioni, kwenye kila seli. Seli koni zina njia za haraka zaidi, fimbo hazina. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linaloeleza vizuri zaidi lile giza lililonipata mbele ya karabai. Opsini iliyobaki tupu haitulii. Inaendelea kuisumbua seli kana kwamba bado kuna mwanga, kama redio uliyoizima lakini spika ikaendelea kukoroma. Katika miaka ya 1960 William Rushton wa Cambridge alipima na kuonyesha kwamba ukali wa jicho hauporomoki sawa na kiasi cha rodopsini kilichopauka. Sehemu ndogo tu ikiwa imepauka, ukali unashuka mara nyingi mno. Ndiyo maana zile dakika 10 za mwisho zina thamani kubwa: ni pale mabaki ya mwisho yanaporudi ndipo mkoromo unapokwisha.

Na ukishakwisha! Mwaka 1942 watafiti watatu huko New York, Hecht, Shlaer na Pirenne, waliwakalisha watu gizani zaidi ya nusu saa, kisha wakawamulikia kimweko cha kijani kidogo mno upande wa pembeni wa jicho. Walikuta kwamba mtu anaona kimweko hicho retina yake inaponasa fotoni 5 hadi 14 tu, zilizotawanyika kwenye eneo lenye mamia ya seli. Maana yake ni kwamba seli fimbo moja inaijibu fotoni moja. Hakuna kitu kidogo zaidi ya hapo kwenye mwanga. Nimefundisha jambo hili kwa miaka mingi na kila nikifika hapo nasema Subhanallah, na wanafunzi wangu wameshazoea.

Barazani kimya kilikuwa kimetanda. Mama ndiye aliyekivunja, akamtaja mdogo wangu wa kike.

"Unakumbuka alivyokuwa anashika kuta?"

Nakumbuka. Alikuwa na miaka 4, ametoka kuugua surua. Mchana alicheza kama wenzake. Ikifika magharibi alikwenda kwa kupapasa, anajikwaa kwenye kinu, anakalia kizingiti na kukataa kwenda popote mpaka abebwe. Tulimwita mdeko. Mama alimpeleka zahanati kwa jambo jingine kabisa, kifua, na muuguzi wa pale akauliza swali moja ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza: "Jioni akiingia ndani, anajikwaa?" Akachukua kidonge laini chekundu, akakikata ncha kwa mkasi, akakamulia matone yake mdomoni mwa mtoto. Kesho yake kingine, na baada ya wiki mbili cha tatu. Kile kidonge chekundu kina uniti 200,000 za vitamini A. Watoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa cha buluu, nusu yake. Surua huimaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini upesi sana. Bila vitamini A hakuna retinali, na bila retinali opsini zinakaa tupu hata ukingoja gizani mwaka mzima. Siku chache baadaye mdogo wangu alimfuata kuku uani baada ya magharibi, anakimbia, na mama akasimama mlangoni akilia.

Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1933, George Wald, wakati huo kijana wa Kimarekani aliyekuwa masomoni Berlin, alipoikuta vitamini A ndani ya retina. Mwaka 1967 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Hartline na Granit. Mimi nikisoma jina lake namwona yule muuguzi na mkasi wake. Mama mwenye mtoto anayepapasa jioni asimwite mdeko wala asingoje. Ampeleke zahanati, kwa sababu macho yanayoanza hivyo yakiachwa huweza kufika mahali ambapo hakuna kidonge kitakachoyarudisha. Na nyumbani, maini, mayai, mchicha, matembele, maembe yaliyoiva na viazi lishe vya rangi ya chungwa ni chakula cha usiku kwa maana hiyo pia.

Dakika ya 35 nilikuwa naona mchanga wa uani, na alama za ufagio wa asubuhi. Naona paka juu ya ukuta kabla hajasogea. Mishale ya saa ya baba ilikuwa imefifia kwa muda wote ule, maana rangi ile huishiwa taratibu, lakini macho yalikuwa yamezidi kuwa makali kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo niliisoma kwa urahisi kuliko mwanzo. Upande wa mashariki, nyuma ya zile nyota tatu zilizopangana, kulikuwa na ukungu mwembamba uliopanda juu. Ni Njia ya Maziwa. Kwenye Kilimia nilihesabu nyota 6, kisha kwa kutazama pembeni 7, na ya 8 ikija na kupotea.

Mama bado. Ana miaka zaidi ya 70. Mboni ya mzee haitanuki tena kama ya kijana, lenzi imeingia umanjano na inazuia ile buluu-kijani ambayo fimbo zinaipenda, na ule uchukuzi wa vitamini kwenda na kurudi nyuma ya retina unakwenda kwa mwendo wa polepole. Anafika, ila anachelewa. Ningekuwa nalijua hili miaka iliyopita, nisingekuwa namharakisha kila tunapotoka msikitini usiku, wala nisingemmulikia tochi usoni nikidhani namsaidia. Sasa nimemwekea balbu ndogo nyekundu chini, kwenye ukuta wa korido ya kwendea chooni, na ameniambia anapoamka usiku hababaiki tena. Barabarani nako nimejifunza: gari linalonijia na taa kali, nageuza macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, napunguza mwendo, na sirudishi mwendo mara tu linapopita, maana kiwi kinabaki muda mrefu kuliko gari.

Jicho moja la baba nalo limepata maelezo yake. Kuzoea giza kunafanyika ndani ya kila retina peke yake. Unaweza kulichoma moja kwa karabai, na lililofumbwa likabaki na rodopsini yake yote, tayari kwa kazi. Baba hakuwahi kulisikia jina la rodopsini. Alijua kwamba jicho la bahari halinunuliki kwa haraka, linatunzwa, na alilitunza mbele ya taa kila usiku wa giza kwa miaka yote aliyovua.

Ilikuwa dakika ya 48 mama aliponishika mkono.

"Hicho hapo."

"Unakiona?"

"Nakiona. Kama mtu amemwaga unga." Akanyamaza kidogo. "Nilidhani kimeondoka."

Tukakaa. Sikumbuki tulikaa muda gani zaidi, niliacha kuitazama saa. Kisha umeme ukarudi, watoto wa jirani wakashangilia, na balbu ya barazani ikalipuka juu ya vichwa vyetu. Jicho langu la kulia lilikuwa limeshafumbwa kabla sijafikiri. Mama aliinuka, akajishika kwenye nguzo, akaenda mpaka kwenye swichi, akaizima. Nikasikia kanga yake ikipita karibu yangu, kisha mkeka.

"Haya," akasema. "Hesabu upya."